Siku Niliyomgawia Binti Yangu Juisi

Hii hadithi sipendi kuisimulia mke wangu akiwa kwenye spika ya simu, maana kila nikifika katikati yeye hunikatiza kutoka kule Meru na kunimalizia kwa kicheko, kwa hiyo leo simu nimeizima, nisikilizeni, na mcheke tu, aibu yenyewe nimeshaizoea.

Mnajua kazi yangu ni kuhudumia karamu hotelini, hapa hapa Doha, harusi na mikutano ya wakubwa, na mnajua Makena, binti yangu, analelewa na mama yake nyumbani, mimi namwona nikienda likizo. Sasa mwaka jana wakapata viza ya kuja kunitembelea shule zilipofungwa. Tumebanana kwenye kachumba kangu, mtaa wa Al Mansoura, mtoto akasikia kwamba ushirika wetu wa kanisa, wa Wakenya na Waganda, unataka kufanya densi ya baba na binti, Ijumaa, na kesho yake wao wanapanda ndege kurudi. Akaniuliza, "Baba, tutacheza?" kwa sauti ya mtu aliyezoea kuambiwa tutaona. Nikamwambia tutacheza. Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa maana. Lakini mimi nikachukua simu nikamwambia Mama Tabitha, mwenyekiti wa kamati, kwamba si kucheza tu, shughuli yote niachieni mimi, karamu ndiyo kazi yangu.

Na niliandaa, msinidharau. Kuna mzee aliuliza kwenye grupu kama hii densi ni njia ya kuanzisha mazungumzo ya mahari, nikamtuliza. Kuna wasichana ambao baba zao walikuwa shifti siku hiyo, nikawatafutia dawa: Otieno, mlinzi wa jengo moja la maduka, jamaa mrefu, mcheshi, asiye na mtoto, nikamfanya baba wa akiba. Sheria nikaitunga mwenyewe na nikaitangaza mwenyewe, kwamba wimbo ukianza na binti hana baba ukumbini, Otieno anaingia. Nilijiona nina akili sana.

Ikabaki nguo. Suti sina. Nikavaa kizibao cheusi cha kazini na tai ya kipepeo, nikabandua kile kibao cha jina, nikajitazama kwenye kioo nikaona bwana harusi. Mke wangu akasema, "Baba Makena, hiyo si ndiyo ya kazi?" Nikamwambia nani atajua.

Ijumaa pale ukumbini sikuwa hata nimeketi, mama mmoja mgeni kutoka Kampala akaninyooshea kikombe kitupu. Mtu mwenye akili zake angesema, mama, mimi ni mzazi hapa. Mimi mkono ukapokea, mgongo ukainama, mdomo ukasema, "Mara moja, madam." Meza nzima ikaona. Huyu akataka sukari, yule akasema sambusa zimepoa, nikachukua trei, na mimi nikishashika trei sioni watu tena, naona vikombe vitupu tu. Makena alikuwa ameketi na mama yake, gauni la manjano, kila nikipita ananifuata kwa macho, na mimi namwonyesha kwa kidole kwamba nakuja. Baba mmoja alinitilia bakshishi mfukoni (na nikamshukuru, msiniulize).

Wimbo ulipoanza nilikuwa jikoni nahangaika na dumu la juisi ya embe lililogoma kufunguka. Nikasikia muziki, nikasikia makofi, nikajaza glasi haraka haraka, nikatoka na trei juu ya kiganja bila kumwaga hata tone, na pale katikati nikamwona binti yangu anacheza na Otieno. Sheria ni sheria, na niliitunga mimi.

Hapo mtu angeweka trei chini. Mimi, na hapa ndipo mke wangu hucheka mpaka akae, nilipita katikati ya wachezaji nikigawa juisi, kwa sababu ndivyo tunavyofanya hotelini muziki ukianza, nikafika kwa Makena, nikainama. Akachukua glasi. "Asante," akasema, vile unavyomshukuru mtu usiyemjua. Otieno akaninong'oneza, "Buda, weka hiyo kitu chini, huyu ni mtoi wako."

Nikahangaika kutafuta pa kuiweka trei, na kabla sijapata wimbo ukaisha. Nikamwomba DJ arudie, akanionyesha mlango. Ukumbi tunaukodi kwa saa, na baada yetu huingia ushirika wa Wahindi, watu wa kushika saa, na kwaya yao ilishaanza kuingiza kinanda. Mama Tabitha akafunga kwa maombi mafupi. Makena alikuwa kwenye kiti cha plastiki anavua viatu, halii, na heri angelia.

Nikamwendea nikamwambia, "Nimekukosea, mama. Bado nataka kucheza."

"Muziki umeisha, baba."

Nyuma yetu mpiga kinanda wa Wahindi alikuwa anajaribu sauti, vipande vipande, wimbo wa taratibu nisioujua. Nikanyoosha mkono. Makena akaitazama kwanza mikono yangu yote miwili, nadhani kuhakikisha haijabeba kitu, akasimama pekupeku.

Jamani, mimi sijui kucheza. Nilimkanyaga, nikageukia upande usio wake, nikagonga kiti, na kwaya nzima ya watu wageni imesimama na sari zao inatazama, wengine wakaanza kunipigia makofi ili nishike mdundo, na mke wangu anarekodi. Makena akaanza kucheka, kwanza kwa siri, halafu wazi. Katikati ya hayo mama mmoja wa kwaya akanigusa bega, akaniuliza kwa adabu maji ya kunywa yako wapi, na nawaapia, mguu wangu ulishageukia jikoni. Makena akanivuta. Akamjibu yule mama kwa Kiingereza chake cha shule, polepole, kila neno peke yake, kwamba huyu hafanyi kazi hapa, huyu ni baba yangu.

Kwa hiyo kamati wakiwauliza nani ataandaa ya mwaka huu, waambieni mimi niko shifti. Viza ya Makena imetoka. Kucheza nitakuja.