Fundi wa Baba

Baba yangu alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikaa kwenye baraza la duka la mtu mwingine. Ninalisema hilo mwanzo kabisa kwa sababu miaka minne ya shule ya bweni sikulisema hata mara moja. Duka lenyewe, pale Kisii mjini, lilikuwa la mjomba wa mama yangu: vitambaa mpaka darini, kioo mbele, gari nyuma. Sisi tulikaa chumba cha uani. Babu yangu aliondoka Gujarat, India, akiwa kijana, akafika Kisumu na mkasi mmoja na jamaa wawili. Jamaa wakapata maduka. Mkasi akaupata baba.

Mama alifariki nikiwa mdogo sana, na baba hakuoa tena. Alijifundisha kunisuka nywele kwa mafuta ya nazi, akikaza sana kwa sababu mikono yake ilizoea vitambaa vya makoti. Nguo zangu zote alizishona yeye, na zote ziliachiwa upindo mpana wa vidole vinne. Kila nilipoongeza kimo alifumua upindo kidogo, akapiga pasi, na gauni likaendelea nami. Hakuwahi kuandika kipimo cha mtu. Mwanamke wa Suneka akipita tu barabarani, baba alishajua kiuno chake ni inchi ngapi, na mara nyingi alijua pia amegombana na nani, maana Ekegusii, lugha ya wenyeji, alikisema vizuri kuliko alivyosema Kihindi.

Nilipofikisha miaka kumi na minne, miaka michache baada ya uhuru, jamaa walianza kusema nitafutiwe mchumba. Baba akasema nitasoma. Walisema, akanyamaza, walisema tena, akakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi wasisikike. Nikaenda shule ya wasichana upande wa Sironga, na sanduku langu lilikuwa na magauni yenye upindo wa kutosha mpaka nizeeke.

Wiki ya kwanza tu nilidanganya. Msichana wa kitanda cha jirani aliniuliza baba yangu anafanya nini, nikasema ana duka.

"Lile la kioo?"

"Hilo hilo."

Sikumwonea haya baba wakati ule, nasema kweli. Nililionea haya baraza. Lakini uwongo haujui kuchagua.

Siku ya kutembelewa ilipofika, tulikaa kwenye nyasi karibu na lango, tukitazama wazazi wakipanda kilima. Baba alishuka basi Nyamira, akatembea. Alivaa shati jeupe alilolihifadhi kwa sikukuu, na mkononi alikuwa na mkebe wa chapati za uwatu na achari ya embe. Shingoni ilining'inia tepu yake ya kupimia. Alikuwa ameisahau, kama alivyoisahau kila siku. Nadhani angekwenda nayo kuoga kama asingeambiwa.

Yule wa kitanda cha jirani, sasa rafiki yangu, akauliza, "Na huyu ni nani?"

"Ni fundi wa baba," nikasema. "Ametumwa."

Nilisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida. Baba alikuwa hatua tatu kutoka pale nilipoketi.

Nilimwona akisimama. Nilingoja akanushe, au anikaripie kwa lugha yetu, na mpaka leo natamani angefanya hivyo. Aliuangalia mkebe kama ni mara ya kwanza kuuona. Kisha akanipa kwa mikono miwili, akiinama kidogo, jinsi alivyowapa watoto wa mjomba vifurushi vyao.

"Baba yako nasalimia sana," alisema, kwa Kiswahili chetu cha dukani. "Natuma mimi pima sare. Simama wima, bibi mdogo."

Hakuwa amewahi kuniita hivyo. Akaitoa tepu shingoni, akanipima mabega, mkono, kiuno, urefu mpaka chini ya goti. Alipima pole pole, yeye ambaye hakuhitaji kumpima mtu. Rafiki yangu akacheka, akataka apimwe pia, na baba akampima, akamsifu kimo chake kwa Ekegusii mpaka wasichana wakamzunguka. Alipoondoka walisema nina bahati, fundi wetu ni mtu mzuri. Chapati tulizila zote. Mimi nilikula tatu, na aibu yangu haikunizuia kuomba achari.

Likizo ilipofika nilirudi nyumbani nikiwa nimetunga maneno ya kuomba radhi. Usiniulize yalikwenda wapi. Baba alinipokea stendi, akanibebea sanduku, akauliza habari za hesabu na kama blanketi linatosha. Mara mbili nilianza, "Baba, siku ile..." na mara mbili aliniuliza kama dengu zimeiva. Nikajiambia labda hakusikia. Nilijua alisikia.

Muhula uliofuata nilimwona akija kilimani, tepu ikiwa mkononi tayari. Yeye mwenyewe alimwambia bawabu, kabla sijafungua mdomo, "Mimi fundi. Nakuja pima binti ya bwana mkubwa." Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya miaka minne, na baba ndiye aliyenifagilia. Kila muhula alikuja, akanipima mabega, akanipa mkebe kwa mikono miwili, akashuka kilima. Kwa muda mrefu nilidhani anapima ili kunilindia uwongo wangu. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa jambo jingine: fundi hawezi kumkumbatia binti wa bwana mkubwa, lakini anaweza kumpima mabega.

Miaka ya sabini ilipoanza, mjomba aliuza duka akaenda Uingereza. Alimtaka baba wafuatane, akasema huko hata fundi ana nyumba yenye ngazi. Baba akakataa kwa kuwa mimi nilikuwa chuo cha ualimu. Mwenye duka mpya akamwachia baraza. Nilianza kufundisha, nikamnunulia kiti chenye mto, na nikajiona nimelipa.

Alifariki ghafla asubuhi moja ya siku ya soko, kitambaa kikiwa bado chini ya sindano. Nilifika kesho yake. Siku ya tatu baada ya kuuchoma mwili wake, kwa desturi yetu, nilikaa barazani kupokea watu, na wakaja wengi, wanawake wa Nyakoe na Suneka wamevaa nguo alizowashonea. Wa mwisho alikuwa mama mmoja aliyeuza ndizi kando ya baraza lile tangu nikiwa mtoto. Alinitazama juu hadi chini.

"Ni wewe ule wa Sironga?"

"Ni mimi, mama."

"Ai! Huyu mzee alitusumbua na wewe. Kila akitoka kwa shule yako, hapa hatuuzi, tunasikiza yeye tu. Ati ukimwona unakimbia mpaka kwa geti. Ati unamshika mkono, unaambia wasichana wote, huyu ndiye tata, huyu ndiye baba yangu, ndiye ameshona hii nguo. Mpaka walimu wanatoka kumwona." Akajifuta macho kwa leso, kisha akanyoosha kidole, akitaka kumaliza ubishi wa miaka. "Mimi nilikuwa namwambia, mzee, hapo umeongeza chumvi. Watoto wa shule hawana hiyo heshima. Yeye anakataa kabisa. Sasa niambie wewe. Ilikuwa ukweli?"

Cherehani ilikuwa kati yetu. Niliweka mkono juu yake.

"Ilikuwa ukweli, mama," nikasema. "Nilikuwa nakimbia mpaka kwa geti."