Vipaza Sauti vya Posa

Laiti ningekataa, miaka ile ya sabini, fundi wa Nakuru aliponishauri nifunge vipaza sauti kwenye paa la gari langu kuukuu, na maikrofoni ndani, ili niingie Kabazi kwa kishindo kumposa Wambui. Nilikubali kama mjinga, nikawasili nikijitangaza kama mbunge.

Babake alipotaja mahari, mimi na mjomba wangu niliyekuja naye tuliomba kwenda kando kushauriana. Tukajifungia garini.

“Mjomba, huyu mzee ana tamaa ya fisi,” nikasema. “Lakini usihofu, atalegea. Bintiye nani mwingine atamchukua?”

Mamake Wambui akagonga dirisha. “Kijana, zima hiyo maikrofoni. Hata ng'ombe wamesikia.”

Wambui aliolewa Keringet. Mimi mpaka leo sijaoa.