Jina la Mwanahawa Kwenye Orodha

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia ofisini kwa Mwalimu Mkuu nimeshika viatu mkononi. Mvua ilikuwa imeila barabara ya Matombo, gari likaishia chini, nami nikaupanda mlima kwa miguu na sanduku kichwani. Mwalimu Mkuu alikuwa mzee mkavu, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alisoma barua yangu ya kupangiwa kituo, akaniuliza kama nimekula, kisha akanikabidhi darasa la kwanza.

Niwaambie ukweli ninyi mnaoanza kazi sasa: sikuutaka ualimu. Nilitaka uuguzi, nafasi ikakosekana, na baba akasema kazi ya serikali haikataliwi. Wiki ile ile niliandika barua ya kuomba uhamisho wa kwenda mjini.

Kazi niliifanya kama ilivyotakiwa. Kila jioni niliandika andalio la somo, yaani mpango wa kipindi kimoja hatua kwa hatua, na kila asubuhi Mwalimu Mkuu alilikagua na kulisaini. Zana za kufundishia nilizitengeneza kwa maboksi na vizibo vya soda. Watoto walisimama mmoja mmoja kusoma silabi. Aliyeshindwa nilimwekea alama ya kukosa, nikapita kwa mwingine. Walikuwa wengi, nami sikuwa na mpango wa kukaa.

Mwaka wa pili ulipokaribia kuisha, niliandaa orodha ya wanaokariri darasa, wale ambao wangebaki la kwanza mwaka mwingine kwa kutojua kusoma. Jina la juu kabisa lilikuwa la Mwanahawa. Mwaka mzima sikuwahi kumsikia akimaliza neno. Akisimama, midomo inatetemeka, wenzake wanacheka, nami namwambia akae.

Siku mbili baada ya majina kubandikwa, mama yake alikuja shuleni, mikono ingali inanukia mdalasini aliokuwa akiubandua shambani. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa pembeni kabisa ya benchi. Hakuja kugomba. Alinieleza kuwa mjomba wa mtoto, ambaye kwa Waluguru ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, amesema kama Mwanahawa amefeli la kwanza, basi shule si mahali pake, abaki nyumbani.

"Mwalimu," akasema taratibu, "mwanangu ana kigugumizi. Lakini madrasa anaimba kaswida mwanzo mpaka mwisho, hakwami hata mahali pamoja."

Mwaka mzima nilikuwa na mtoto yule, na jambo hilo halikuwahi kunipitia kichwani.

Kesho yake, wenzake walipotoka kwenda mapumziko, nilimbakiza. Nikafungua kitabu ukurasa ambao hatujaufikia, nikamwambia asisome, aimbe. Alinitazama muda mrefu. Kisha akaanza kwa sauti ndogo, maneno ya kitabu kwa mahadhi ya kaswida, kidole kikifuata mstari. Akamaliza ukurasa, akafunua wa pili bila kuambiwa. Machozi yalinitoka. Alipoyaona akaacha kuimba, akaniuliza kwa kigugumizi chake kama amekosea.

Nilikwenda ofisini kuomba jina lifutwe. Mwalimu Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Orodha haifutwi kwa raba, Mwalimu. Likate kwa wino, uandike pembeni nani alikosea, utie saini."

Nikaandika kuwa aliyekosea ni mwalimu wa darasa. Saini ile iliniuma. Jioni mimi na Mwalimu Mkuu tulikwea na Mwanahawa na mama yake mpaka kwa yule mjomba. Alitaka kusikia mwenyewe, basi Mwanahawa akamwimbia kitabu pale uani. Mjomba akamgeukia dada yake, akamwambia mtoto arudi shule.

Haukupita mwezi, uhamisho wangu wa kwenda mjini ukakubaliwa. Nikaomba kubaki. Mwalimu Mkuu akauliza aandike sababu gani, nikamwambia sasa nataka kuwa mwalimu. Hakucheka.

"Basi leo ndiyo umeripoti kazini," akasema.

Miaka mingi baadaye nilipelekwa Mlali, mwisho Bigwa, na kila kituo niliomba darasa la kwanza, ambalo walimu wengi hulikimbia. Mwanahawa alimaliza la saba. Leo anawafundisha kaswida watoto wa kijiji chake, na kigugumizi anacho bado.

Nilipostaafu, wenzangu waliandaa hotuba na keki. Mimi niliomba kwanza kipindi changu cha mwisho. Tukasoma silabi kama siku nyingine, na kengele ilipogongwa nikawaambia watoto kuwa kesho atakuja mwalimu mwingine. Msichana mmoja wa dawati la mbele akauliza kama huyo mwalimu anajua kufundisha.

Nikamwambia bado, ila awe na subira naye, watamfundisha wao.