Wiki Niliyopanga Nyumba ya Mama

Kaka yangu alinituma kwa mama kama mkaguzi. Yeye ana duka Sumbawanga mjini, na nyuma ya duka kuna chumba alichokwisha kukipaka rangi na kukiwekea kitanda, akisubiri mama ahamie. "Kaa naye wiki moja," aliniambia kwa simu. "Ukiona nyumba imemshinda, tunamchukua." Tangu baba afariki mama alikuwa peke yake kijijini, upande wa Kaengesa, na hakuna alichokiogopa kama hicho chumba.

Nilifika mchana, vumbi la Agosti limenijaa mpaka kwenye kope. Ua ulikuwa umefagiliwa. Sakafu ya jikoni ilikuwa imesiribwa upya kwa udongo na samadi ya ng'ombe, haina hata ufa mmoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vua viatu, nimesiriba jana."

Nikavua. Nyumba haikuwa imemshinda hata kidogo, na nilifurahi sana.

Ila mimi ni mtu wa kupanga. Mume wangu husema hata nikifika mbinguni nitaanza kwa kuhamisha viti. Nyumba ya mama ilikuwa safi, lakini mpangilio wake ulinikera. Debe la unga wa ulezi lilikaa nyuma ya mlango. Chumvi ilikuwa kwenye kopo la majani ya chai, na majani ya chai kwenye kopo la maziwa. Kigoda kilikaa katikati ya njia, hatua mbili kutoka mlango wa jikoni. Hata kamba ya nguo ilitoka mlango wa nyuma moja kwa moja hadi chooni, mahali pasipofika jua. Nilijisemea uzee huo, basi.

Jumamosi jumuiya ya kanisa ilikuwa ije kusali kwetu. Ijumaa jirani alimpitia mama wakaenda kuazima mabenchi, wameshikana mikono kama wasichana, nami nikabaki na nyumba. Nilihamisha kila kitu. Makopo nikayapanga kwa urefu, debe nikalisukuma pembeni, kigoda nikakitupa uani. Kamba nikaifungua, nikaifunga upande wa jua.

"Nimekupangia, mama," nikamwambia aliporudi.

Alisimama mlangoni kwa muda. "Umepanga nini?"

"Vyote!"

"Ahsante, mwanangu." Siku ile hakuinuka tena kwenye mkeka. Kila alichotaka aliniagiza mimi, nami nikaona raha kumhudumia mzazi.

Asubuhi nilikoleza jiko la mkaa, nikaliweka karibu na mlango wa jikoni, pale kigoda kilipokuwa, nikabandika maji ya chai. Nikatoka kutandika mikeka. Ndipo nikasikia mama anapiga yowe. Alikuwa ameingia, akahesabu hatua zake mbili kwa mazoea, akainama kushika kigoda ili akae. Kiganja chote kikatua juu ya sufuria.

Niliutumbukiza mkono wake kwenye ndoo ya maji baridi, nikimwomba radhi huku nalia. Uso wake ulikuwa karibu na wangu kuliko siku zote za wiki ile, na mwanga wa mlangoni ulimwangukia. Mboni zote mbili zilikuwa nyeupe kama uji uliopoa.

"Mama, unaniona?"

"Nakusikia."

"Tangu lini?"

"Mavuno ya mwaka juzi."

"Na sakafu je? Nani anakusiribia?"

"Sakafu inasiribwa kwa mkono, si kwa macho. Kiganja kikipita kwenye ufa kinajua." Akaongeza bila hasira, na ndiyo maana iliniuma zaidi: "Mpaka jana nilikuwa naona, mwanangu. Humu ndani nilikuwa naona."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja, mwenyeji akaungua.

Kabla watu hawajafika tulirudisha kila kitu. Mama alisimama katikati ya jikoni, mkono umefungwa kitambaa kibichi, akiamuru. Kigoda mbele. Zaidi kidogo. Hapo. Kamba niliirudisha kwa aibu, aishike tena akienda chooni. Wanajumuiya walipoingia niliona jambo ambalo jana nisingeliona: kila mmoja alivua viatu akavisogeza ukutani, upande mmoja, njia ibaki wazi. Hakuna aliyewaambia. Kumbe wote walijua. Wasiojua tulikuwa sisi aliotuzaa.

Kaka alipiga simu watu walipokwisha kutawanyika. Mama alikuwa kando yangu anachambua maharage kwa vidole, na simu ilipolia vidole vikasimama.

"Jirani ameniambia ameungua," kaka alisema. "Si nilisema? Nyumba imemshinda."

"Nyumba haijamshinda. Haoni, macho yana ukungu, anahitaji daktari."

"Kipofu, na unataka abaki huko peke yake? Aungue tena?"

Nilimtazama mama. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasubiri mimi nimhukumu.

"Kaka, ameishi miaka miwili bila macho, hakuungua hata siku moja. Aliyemuunguza ni mimi, siku ya tano, kwa kumsaidia. Sasa wewe fikiria utakavyomsaidia huko mjini."

 Kaka akauliza, kwa sauti ndogo, kama najua kliniki ya macho wanapokea wagonjwa siku gani.