Saa Juu ya Kitambaa Cheupe

Kila asubuhi Waisiko hunywa uji wake nyuma ya ghala, ameipa njia mgongo. Hunywa haraka, sikio moja likiwa barabarani. Akisikia pikipiki inapunguza mwendo karibu na mji wake, bakuli linawekwa chini na kufunikwa kwa ungo, na mdomo unapanguswa kwa ncha ya kanga. Majirani pale Ringwani walimcheka mwanzoni.

"Mama Elieth, unakunywa uji kama umeuiba!"

"Nina mkwe mimi," huwajibu.

Ndivyo mambo yalivyo kwao. Mama mkwe hali mbele ya mume wa binti yake, wala mkwe hatii tonge mdomoni huku mama mkwe anamwona. Hawapeani mikono, hawakalii mkeka mmoja. Ukimwona mwanamke anakula mbele ya mwanamume, wakatazamana machoni, jua huyo si mkwe wake. Sasa Ryoba, mkwe wa Waisiko, alikuwa anaishi Nyamongo kwenye dhahabu, na hakuwa na kawaida ya kupiga simu kabla ya kuja. Kwa hiyo Waisiko alijihadhari kila siku tangu Elieth aolewe, na huo ulikuwa mwaka wa tatu.

Halafu siku moja pikipiki ilipunguza mwendo, bakuli likafunikwa, akashuka Elieth peke yake. Alikuwa na mfuko mmoja wa rambo, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vimevimba, havikunjiki. Hakulia. Alisema tu kwamba ugali ulikuwa umepoa.

"Umepoa, halafu?" mama yake akauliza.

"Umepoa, basi."

Siku ya tatu, wakiwa wanapukuchua mahindi, ndipo Elieth akaongeza maneno bila kuulizwa. "Hapigi kelele, mama. Watu wanadhani mtu wa kupiga ni mtu wa kelele. Yeye anacheka. Anasema hakuna shida. Halafu anavua saa, anaiweka mahali pazuri isije ikavunjika. Akivua saa, mimi huwa natafuta mlango uko wapi."

Waisiko aliendelea kupukuchua. Habari ya saa hakuisahau.

Wiki ya tano akaja Kisyeri, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye ndiye aliyesimama mahali pa baba wa Elieth. Alikuja amevaa koti, maana yake ana neno.

"Ryoba amekubali kosa," alisema. "Ametualika hotelini kule karibu na Natta, ile ya watalii. Jumamosi mchana. Tukimaliza kula, Elieth anapanda gari la mumewe, wanarudi kwao."

"Msamaha unaombewa hotelini? Hawezi kuja hapa na wazee wake?"

"Shemeji, mtu anakupeleka wanapokula Wazungu, wewe unataka akuombe msamaha kwenye mavi ya ng'ombe?"

"Na mimi nitakulaje mbele yake?"

"Utakaa upande. Nani kakwambia ni lazima ule?"

Waisiko alimtazama binti yake, aliyekuwa anaosha sufuria moja kwa muda mrefu mno. "Nitakuja," akasema. "Lakini Elieth hapandi hilo gari mpaka niseme mimi. Nataka nimtazame huyo mtu kwanza."

Kisyeri akakubali upesi. Moyoni alijua hakuna mtu anayeshiba nyama ya hoteli halafu akasema hapana.

Hoteli yenyewe ilikuwa na paa refu la nyasi na sakafu ya mbao inayong'aa. Meza zilivalishwa vitambaa vyeupe kama madhabahu. Ryoba alikuwa amefika, shati limepigwa pasi hadi mikunjo imesimama, na saa kubwa ya rangi ya dhahabu mkononi. Alimsalimia Waisiko akiwa mbali, ameinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Heshima yote ilikuwapo, huwezi kumlaumu hata kidogo. Waisiko akageuza kiti chake ubavu, akavuta kanga ifunike shavu. Kutoka hapo, kwa pembe ya jicho, aliona vitu viwili tu: mkono wa Ryoba na uso wa Elieth. Vilimtosha.

Mhudumu alikuwa mtu mzima mwenye mvi, jina lake Saadi, mtu wa Mugumu. Ryoba aliagizia watu wote bila kuuliza: supu ya kuku kwanza, halafu sato wa kukaanga, mbuzi wa kuchoma na ugali.

"Fanya haraka, nina wageni wakubwa."

"Haraka tu, bosi."

Nusu saa ikapita. Zikaja soda, za moto kama zimeanikwa juani.

"Friji yao imeenda likizo," Ryoba akasema, na Kisyeri akacheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili.

Saadi akarudi mikono mitupu. "Samahani bosi, sato amekwisha."

"Amekwishaje, na ziwa lipo?"

"Gari halijafika kutoka Musoma. Samahani sana."

"Hakuna shida," Ryoba akasema.

Waisiko akaona macho ya Elieth yanashuka chini palepale. Akaona pia vidole vya Ryoba vinakwenda kwenye mkanda wa saa, vinauzungusha mara moja, vinauacha.

Watalii waliofika nyuma yao wakaletewa chakula, wakala, wakaanza kupiga picha nyumbu waliokuwa bondeni. Tumbo la Kisyeri likanguruma hadi mwenyewe akaona haya. "Mura, kijana wangu," akamwambia Ryoba, "hapa wanachinja mbuzi au wanasubiri azaliwe kwanza?"

"Watu wa kazi siku hizi hakuna, baba," Ryoba akajibu kwa upole, akizungusha saa. Mara ya pili hiyo. Waisiko alikuwa anahesabu. Alijikuta anaomba chakula kije, na kije kizuri, yeye ambaye asingekionja.

Kikaja. Sahani zilikuwa pana kama ungo, na katikati ya kila moja ugali mdogo uliofinyangwa kama kikombe kilichopinduliwa, vipande vitatu vya nyama, mchuzi kidogo na jani. Supu haikuonekana. Kisyeri aliizungusha sahani yake akitafuta chakula kingine kiko wapi. "Hii ni ya kuonja?" akauliza.

Ryoba alikuwa ameubonyeza ugali wake kwa kidole, na kidole hakikuzama.

Umepoa.

Elieth alirudi nyuma kitini. Hata Saadi, asiyejua lolote, alisogea nyuma hatua moja. "Bosi, niurudishe jikoni?"

Ryoba akacheka. Kicheko kidogo, kizuri, cha mtu aliyefurahi. "Hakuna shida, mzee wangu. Hakuna shida kabisa." Akafungua saa, akaipangusa kioo, akailaza juu ya kitambaa cheupe mbali na glasi, isije ikamwagikiwa. Kisha hakumtazama Saadi tena. Alimwinamia mkewe, sauti chini.

"Si wewe ulisema kwenye simu tusichelewe? Haya, tumewahi ugali baridi. Tutaongea nyumbani."

Jicho la Elieth lilikuwa limekwisha kuondoka mezani. Lilipita juu ya watalii, likafika kwenye mlango wa mapokezi, likabaki hapo.

"Tule, tule," Kisyeri akasema. "Hata kikipoa ni chakula."

"Baba," Waisiko akamwita Saadi. "Naomba maji ya kunawa."

Saadi alileta jagi na beseni, akammiminia. Waisiko alinawa taratibu, kidole kimoja kimoja. Akaishusha kanga kutoka shavuni. Kisha akainuka, akakigeuza kiti, miguu ya kiti ikakwaruza mbao hadi watalii wakageuka, akakaa uso kwa uso na Ryoba.

Kisyeri alishtuka. "Shemeji, unafanya nini?"

"Nakula."

"Mbele ya mkwe?"

Waisiko akamega tonge, kwa nguvu maana lilikuwa gumu, akachovya mchuzi, akatia mdomoni. Akatafuna huku anamtazama Ryoba machoni, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Akameza.

"Mkwe yuko wapi?" akasema. "Mimi simwoni hapa."

Ryoba aligeuza uso upesi bila kupenda, kama mtu aliyemfumania mama yake akioga. Alipourudisha, kicheko kilikuwa kimekwisha. Mkono wake uliitafuta saa mezani, ukaikosa, ukagonga glasi.

"Mama, unanivunjia heshima mbele za watu."

"Nimeweka tonge mdomoni na umeniona. Mimi si mama yako." Akamega tonge la pili.

"Waisiko!" Kisyeri alikuwa amesimama. "Na ng'ombe wa mahari je?"

"Walikuja kwa miguu. Miguu bado wanayo."

Akala na la tatu, asije mtu akasema baadaye kwamba aliteleza. Halikuwa tamu. Nyama aliyochukua nayo ilikataa meno, na chumvi haikuwamo. Akanawa tena.

"Twende, Elieth."

Elieth alisimama kwa kasi hadi kiti kikaanguka. Ryoba naye akanyanyuka nusu, lakini watalii walikuwa wamenyamaza wote wanamtazama, na mlinzi wa hoteli amesogea karibu na nguzo. Akakaa tena.

Pale mapokezi walikutana na Saadi anatoka jikoni mbio, amebeba sinia la mabakuli manne yanayofuka moshi. "Mama, supu yenu hii! Imefika, ya moto kabisa!"

"Asante baba. Chakula chako kimenisaidia, ingawa kimepoa. Hiyo wapelekee waliobaki."

Nje dereva wa Ryoba aliruka akafungua mlango wa gari. "Mmemaliza, mama?"

"Tumemaliza."

Wakalipita gari na mlango wake wazi, wakashika njia ya vumbi inayokwenda Natta, ambako bodaboda hazikosekani. Waisiko alikuwa ameushika mkono wa kushoto wa binti yake, ule wa vidole viwili vilivyoumia, kwa uangalifu. Nyuma yao Kisyeri aliita, "Waisiko! Rudi tuongee!" Akaita mara tatu. Waisiko hakugeuza hata shingo, wala Elieth.

Getini wakamsalimia mlinzi mwingine, wakavuka.