Mama Maji Moto na Miguu ya Wenzake

Jina la Mama Maji Moto hakupewa na wazazi wake. Alipewa na kanisa, likamganda mpaka wajukuu wakalitumia. Katika kanisa lile la Wamenoniti, kabla ya meza ya Bwana watu hutawadhana miguu, wanaume upande wao na wanawake upande wao, wawili wawili. Unainama unamwosha mwenzako, unamfuta, mnakumbatiana, kisha zamu inageuka. Sasa maji ya asubuhi yalikuwa baridi ya kung'ata, na ni yeye, akiwa bado bibi harusi mgeni pale kijijini, aliyesema vikongwe watapata homa bure, akabandika sufuria kubwa jikoni kwake, akayaleta vuguvugu. Ubaya wa kutoa wazo jema ni kwamba utaachiwa ulitekeleze. Yeye aliachiwa maisha yake yote.

Wala si maji tu. Mumewe alikuwa shemasi, mtu mpole asiyeapa hata kwa mzaha. Akisema ndiyo ni ndiyo, akisema siyo, ng'ombe hauzwi na usirudi kesho. Wakalima, wakazaa, wakasomesha. Msiba ukitokea popote, Mama alikuwa wa kwanza kufika na kuni, na wa mwisho kuondoka, mikono imejaa masizi ya masufuria ya watu. Mwanamke akijifungua, nepi zilifuliwa na yeye. Mtu na mkewe wakigombana, waliketishwa sebuleni kwake, wakanyweshwa chai mpaka wakaona haya. Lakini ukimuuliza yeye ana shida gani, alikujibu upesi, "Mimi mzima," halafu akakuuliza habari za mbuzi wako.

Mwenzake wa kutawadhana alikuwa wifi yake, dada wa shemasi. Husemwa kwamba wifi na wifi hawapikiki chungu kimoja. Hawa walipikika wakaiva. Wifi alikuwa na nyayo za kutekenyeka, akiguswa tu kicheko hiki hapa, na kucheka katika ibada ile ni aibu kubwa.

"Wifi, taratibu basi, utanitia dhambini!"

"Tulia. Dhambi unazo tayari, ndizo ninazozisugua."

Zamu ikigeuka, wifi alilipiza. "Magaga gani haya, wifi? Mtu angepanda mtama humu."

Walikumbatiana midomo wameibana, machozi yakiwatoka, na kanisa lote likadhani ni toba.

Shemasi akafa. Wifi naye akaugua, akamfuata. Mama ndiye aliyemwosha. Alipofika kwenye nyayo alisita kidogo, akazigusa, na wifi hakucheka.

Watoto walikuwa mjini na kazi zao. Walipiga simu kila Jumapili, wakauliza, wakajibiwa "Mimi mzima," wakaamini, maana kuamini ni rahisi. Nyumba ikabaki na vitanda vilivyotandikwa visivyolaliwa. Alipika chakula cha watu wawili, akala cha mmoja, kilichobaki akampelekea jirani mgonjwa ili apate pa kukaa kidogo. Alikuwa mpweke, tuseme wazi, upweke wa kuuma.

Ibada ya kutawadhana ilipofika, hakuwa na mwenzake. Akajishughulisha na birika, akamimina hapa, akaongeza pale, ikapita. Iliyofuata ikapita vilevile. Msiwalaumu sana wale wanawake. Waliitazama miguu yake, wakaiona imelowa, kumbe ni maji yaliyomwagika kutoka kwenye mabeseni yao. Kila mmoja akadhani mwingine ameshamwosha. Kinyozi hajinyoi, na hakuna aliyejiuliza nani anamnyoa.

Safari hii aliazimia. Alijaza mabeseni mapema, akaketi kwenye benchi la pembeni, akavua viatu, akakunja pindo la gauni. Alitaka jambo moja tu: mwanamke mmoja aje aseme, "Twende."

Mke wa mchungaji akapita. "Umechoka, mama? Pumzika, leo tutajimiminia wenyewe."

Mwalimu wa watoto akaja. "Mama, ya kwetu yamepoa. Kuna mengine?" Mama akamwonyesha sufuria kwa kidole.

Wawili wawili waliinama, wakafutana, wakakumbatiana, wakavaa viatu. Wimbo ulikuwa ukiishia. Mwishowe mshonaji, binti mwenye mikono myepesi, akamwendea. Mama akajiweka sawa.

"Samahani, mama, tupishe turudishe benchi."

"Mimi sijaoshwa," akasema Mama.

Mshonaji akacheka. "Wewe mwenye maji?"

"Sijaoshwa tangu nilipomzika wifi yangu."

Wimbo ukakatika. Kisha ikawa mshikemshike. Mabeseni yakaja matatu kwa mpigo, mke wa mchungaji akaudaka mguu wa kulia, mshonaji wa kushoto, mwalimu akakosa mguu akaanza kulia, mwingine akampepea Mama kana kwamba amezirai. Wakamwosha, wakamfuta, wakarudia. Wakamwomba msamaha, na waliumaanisha. Mama akashukuru. Kisha akavuta beseni, akapiga goti mbele ya mke wa mchungaji.

"Haya, vua."

"Hapana, mama! Wewe ni mzee wetu, usiiname."

Akamgeukia mshonaji. "Njoo wewe, mwanangu."

"Mimi nimeshaoshwa, mama."

Mwalimu naye alikuwa ameshaoshwa. Mama akatazama ukumbi mzima kutafuta mguu ulio wazi. Yote ilikuwa ndani ya viatu.

"Lakini ni kutawadhana," akasema. "Mtu hatawadhani peke yake."

"Amina," wakaitikia, wakidhani ni neno la shukrani. Wakamwinua kwa viwiko, wakampeleka kiti cha mbele, wakamwekea na mto mgongoni.

Mshonaji alikuwa na furaha ya mtu aliyelipa deni. "Ndiyo maana wahenga walisema, mama. Mwosha huoshwa!"

"Kweli," akasema Mama Maji Moto. "Ila huyo wanayemsema hapo, mwanangu, huwa ameshakufa."

Wakacheka wote, maana walimjua kwa utani. Yeye hakuwa akitania.