Mume Wangu Alirekodi Zohali Mpya Juu ya Kanda ya Baba

Admin, jina langu lisionekane, maana watoto wangu wote wako kwa hii page. Mimi ni mama wa miaka sitini na moja, mwalimu mstaafu, naishi Mamboleo hapa Kisumu. Nimeolewa miaka thelathini na sita, na kwa thelathini na moja kati ya hiyo nimemdharau mume wangu kimyakimya. Hanipigi, hanywi, hana mwanamke wa nje. Namdharau kwa sababu ya mchezo wa redio. Mkitaka kucheka, ngojeni nimalize.

Miaka ya themanini kulikuwa na mchezo ukiitwa Kituo cha Zohali, kila Jumapili saa tisa mchana. Ulihusu watu wanaoishi angani kwenye sayari ya mbali, maji yao yanaisha, na Kapteni Zuberi ndiye anaamua nani atakunywa. Baba yangu alikuwa fundi wa nguo soko la Kombewa. Muziki ukianza tu, alikuwa anasimamisha cherehani, anaweka kinasa sauti mbele ya redio, anabonyeza. Kwa hivyo kwenye kanda zake ulikuwa unasikia mchezo, na katikati unamsikia yeye akikohoa, akicheka, akimgombeza Zuberi kama mtu wa jirani. Mara nyingine ananiambia, "Ling' thi, nyathina, sikiza hapa." Yaani ninyamaze, mtoto wake. Zingine ziliharibika. Iliyobaki nzima ni moja, aliandika kwa kalamu ya buluu, Zohali 4.

Baba alifariki miaka miwili baada ya harusi yangu. Hakuna mahali pengine popote sauti yake ilibaki.

Halafu wakaleta Zohali mpya. Waigizaji wapya, kinanda cha umeme, bunduki kila dakika tano, na roboti linaloimba mapenzi. Maji hayakuisha tena, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mume wangu, hapa nitamwita Baba Akinyi, alichanganyikiwa nayo. Yeye na rafiki yake Wafula walikuwa wanakaa sebuleni kwangu kila Jumamosi wakibishana na mimi, wanaume wawili wenye akili za darasa la tatu wakiwa na suruali ndefu.

"Ile ya zamani ilikuwa sufuria na mdomo," Wafula alisema. "Roketi inapaa, unasikia mtu anapuliza chupa."

Nikamwambia, "Na hiyo yenu, toa kelele, uniambie kinabaki nini."

"Mama Akinyi, wewe umezeeka mapema," mume wangu akasema, na wakagongana mikono kama wamefunga bao.

 Utamjibu nini mtu anayesikia mlipuko akadhani amesikia hadithi? Nikicheza kanda ya baba, Baba Akinyi alikuwa anainuka anaenda nje kabla hata muziki haujaisha. Hajawahi kuisikiliza hadi mwisho. Na mimi sikumwambia kuna nini ndani. Niliona ni changu peke yangu, na nikaona hastahili.

Jumapili moja nilitoka mazoezi ya kwaya nikawakuta wanafurahi. Zohali mpya ilikuwa imefika sehemu ya mwisho, wakairekodi yote.

Nikauliza, "Mmetumia kanda gani?"

"Hiyo yako ya zamani," mume wangu akasema. "Si umeisikia mara mia? Hata ilikataa kurekodi, baba yako alikuwa amevunja vile vimeno vya juu ili isirekodiwe tena. Wafula akabandika karatasi kwa hayo mashimo, ikakubali."

Niliichukua nikaicheza. Roboti likaimba. Nikageuza upande wa pili, nako roboti. Nikasema, "Sawa," nikaenda jikoni kuchambua omena. Nusu ya hao samaki wadogo nikawamwaga chini.

Sikumsemesha wiki tatu. Yeye akaenda akaambia watu kwamba bibi yake anaomboleza Kapteni Zuberi. Hiyo ikawa hadithi ya nyumba. Ameisimulia kwa sherehe za shule, kwa harusi ya Akinyi, kwa wajukuu. Kila mtu anacheka, na mimi nacheka nao huku nikimwangalia nikiwaza, wewe mjinga, hujui ulichofuta. Nawaambia ukweli, ilinipa raha fulani kujua yeye hajui. Nimekula hiyo raha miaka thelathini na moja.

Lakini si mtu mbaya, na hapo ndipo shida yangu iko. Baba alipougua, ni yeye alimbeba kwa baiskeli asubuhi ya mvua mpaka hospitali ya Kombewa, akakaa naye siku nne akimlisha uji. Baba alimpenda kuliko kaka zangu.

Mwezi uliopita tulienda Kombewa kufyeka kaburi. Baba Akinyi alisimama pale na panga mkononi, akasema, "Mama Akinyi, nimejaribu kukumbuka sauti ya mzee, imenitoka kabisa. Uso nauona. Sauti hakuna. Laiti mtu angemrekodi hata siku moja." Halafu akafuta macho kwa mkono wa shati.

Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka, lakini nikainama nikang'oa magugu.

Tangu siku hiyo dharau imepungua na usingizi pia. Nikimwambia, najua itamvunja, na ana miaka sitini na sita na moyo wake si mzuri. Nisipomwambia, nitaendelea kucheka naye kwa uongo mpaka mmoja wetu azikwe. Na bado naamini Zohali mpya ilikuwa takataka, hilo msiniombe nibadilishe. Kwa hili lingine tu ndio nawauliza, nyinyi ambao mmekaa kwa ndoa: mngemwambia, au mngenyamaza?